Tunalipia Kufunga, Hatulipii Kupima

Katika gereji za Mbeya na Iringa kuna sentensi moja ambayo imeharibu magari mengi kuliko mashimo ya barabarani: "Fundi, we funga tu, iende." Husemwa na mwenye gari, funguo mkononi na simu sikioni, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada. Fundi hufunga. Gari huenda. Baada ya miezi miwili linarudi limevutwa kwa kamba, na mwenye gari anamsimulia yeyote atakayemsikiliza kwamba mafundi wa siku hizi ni matapeli.

Makala haya yanawalaumu wenye magari. Mafundi nao wana makosa yao na nitayataja, lakini kosa la kwanza ni la anayelipa. Tunalipia kufunga, hatulipii kupima. Tumefanya hivyo kwa muda mrefu mpaka fundi anayepima anaonekana mvivu, na anayegonga kwa nyundo anaonekana mchapakazi. Na hakuna sehemu ya gari inayolionyesha jambo hili wazi kama transfa ya Land Rover ya zamani.

Kwa asiyeijua: transfa ni sanduku la gia lililofungwa nyuma ya giaboksi. Injini inaleta nguvu, giaboksi inaipangia mwendo, transfa inaigawa, nyingine iende magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Ndani yake kuna pia gia nyepesi na gia nzito. Kwenye transfa iitwayo LT230, ambayo Land Rover ilianza kuifunga mwaka 1983 na ikaendelea nayo mpaka Defender ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016, gia nzito hupunguza mzunguko mara 3.32. Gari linatambaa, nguvu inaongezeka, na kwenye mteremko injini yenyewe inalishika gari lisikimbie. Zile 109 za zamani zaidi, za Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, zina transfa ya muundo mwingine, lakini kazi ni hiyo hiyo.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi wanaoyamiliki magari haya hawaijui. Breki yao ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Drami yake imefungwa nyuma ya transfa, pale shafti inapotoka kwenda kwenye propela ya nyuma. Inashika propela, propela inashika difu, difu inashika ekseli, na ekseli ndiyo inayoshika tairi. Katikati ya msururu huo pakikatika, breki ya mkono haipo. Halafu sili inayozuia oili isitoke kwenye shafti hiyo iko jirani kabisa na drami. Sili ikichoka, oili inamwagikia breki. Kwa hiyo yale matone ambayo wenye magari huyachekea, wakisema Land Rover isiyovuja imeishiwa oili, ndiyo yanayolifanya gari liteleze kurudi nyuma huku breki ya mkono imevutwa mpaka juu.

Sasa lilete gari hilo kwetu. Kutoka Chimala kwenda Matamba kuna barabara inayoitwa Hamsini na Saba, na jina ni hesabu ya kona zake. Juu kuna viazi, mbao na uwanda wa Kitulo. Chini kuna barabara kuu na Hospitali ya Misheni ya Chimala. Kutoka Mbalizi kuna njia za kupanda Umalila. Kilolo na Mufindi kuna vijiji ambavyo msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, udongo wake mwekundu unateleza kama sabuni. Huko gari linalovuta miguu minne si mapambo ya mjini. Ndilo linalopeleka mbolea, ndilo linaloleta mazao, na usiku mama akishikwa na uchungu ndilo linalogongewa mlango.

Fikiria gari la namna hiyo likishuka kona za juu, limebeba watu na magunia, likiwa kwenye gia nzito. Transfa iliyokaa vibaya inaweza kuruka gia yenyewe, ikaenda kwenye patupu. Mara moja injini haishiki tena. Kilichobaki ni breki za miguu, ambazo tayari zina moto. Dereva anavuta breki ya mkono, na hiyo imelowa oili kutoka kwenye transfa ile ile. Vitu viwili vilivyotakiwa kumwokoa vimeharibiwa na sanduku moja, na sanduku hilo lilifungwa na mtu aliyeambiwa asipoteze muda.

Nasema haya kwa sababu mazungumzo ya magari ya zamani kwetu yamekuwa ya mapenzi tu. Oktoba 2024 tamasha la Land Rover liliijaza Arusha magari hayo, na picha zikazunguka nchi nzima. Ilipendeza, na sina neno baya juu yake. Lakini kuosha gari na kulipigia picha ni jambo moja. Kulala chini yake na kujua gia ya kati inacheza kiasi gani ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linaloamua nani atafika Chimala salama.

Transfa haifi kwa uzee. Nalisisitiza hili kwa sababu "gari lenyewe limezeeka" ndicho kisingizio chetu kikubwa. Gia zake zikilala ndani ya oili safi, na zikikaa katika nafasi inayotakiwa, zinaweza kumzidi dereva umri wa kazi. Kinachoiua ni vitu viwili.

Cha kwanza ni oili. LT230 inabeba lita mbili na kidogo tu za oili nzito ya EP90, kwa hiyo nusu lita ikipotea si jambo dogo. Tena oili haivuji nje siku zote. Kati ya giaboksi na transfa kuna sili, na ikifa, oili inaweza kuhama kimya kimya, sanduku moja likajaa kupita kiasi na la pili likakauka. Anayesubiri kuona doa sakafuni hataliona. Atakachosikia ni mlio, na mlio ukishasikika kuna kitu kimekwisha kulika.

Cha pili ni nafasi. Kwenye transfa ya Series, gia ya kati inazunguka juu ya shafti yake kwa beringi za sindano, na inaruhusiwa kusogea mbele na nyuma kwa milimita 0.10 mpaka 0.20. Huo ni karibu unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Kwenye LT230 nyingi, gia ya kati inakaa juu ya beringi mbili za teipa zinazobanwa na nati moja, na katikati yake kuna bushi iliyoundwa makusudi ibonyee kadiri nati inavyokazwa. Ukikaza pungufu, gia inacheza, meno yanakutana pembeni badala ya katikati, na mlio unaanza. Ukikaza kupita kiasi, beringi zinabanwa, zinapata moto na kufa. Bushi ikishabonyea kupita kipimo hairudi. Unanunua nyingine na kuanza upya.

Hakuna jicho linaloona tofauti ya karatasi moja ndani ya sanduku. Mkono wa fundi aliyekaa kazini miaka 30 unaweza kuikisia, na mara nyingi unapatia. Lakini makisio yake hayarithiki. Akistaafu, au akifariki, yanaondoka naye, na vijana wake wanabaki na nyundo. Namba inaandikwa, inafundishwa, na mtu mwingine anaweza kuihakiki.

Tazama tunachofanya badala yake. Tundu la shafti ya kati kwenye ganda la aluminiamu likilika na kuanza kupitisha oili, fundi anapiga ponchi kulizunguka ili chuma kivimbe na shafti ikamatike. Inakamatika kwa wiki chache. Shimu ikikosekana, kopo la soda linakatwa kwa mkasi. Mlio ukizidi, grisi inachanganywa kwenye oili ili ukelele upungue, na kelele ya transfa ni kengele, kwa hiyo tunachokata ni kengele. Difu ya kati ikisumbua, inachomelewa. Gari linavuta vizuri kwenye matope, lakini likiingia lami ya TANZAM magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi tena kuachana mwendo kwenye kona, na kinachokatika ni chochote kilicho dhaifu kati ya transfa na tairi. Mambo yakishindikana kabisa, propela ya mbele inatolewa na kuwekwa stoo. Gari lililonunuliwa kwa sababu linavuta miguu minne linabaki na miwili, na mwenye gari anajisifu kwamba sasa linakula mafuta kidogo.

Kila moja ya hizo nimeiona kwa macho yangu, na kila mara mwenye gari alikuwa amesimama pembeni akiuliza litakamilika saa ngapi.

Nilikuwapo Iringa siku moja fundi, mtu mzima, alipokuwa akiirudisha LT230 iliyofunguliwa yote. Sitaji gereji wala jina lake. Alikuwa amesafisha kila kitu kwa dizeli, amepanga sehemu juu ya gunia safi kwa mpangilio zilivyotoka. Kisha akafanya jambo ambalo vitabu vya kiwanda vya enzi hizo vinalielekeza na ambalo sasa halionekani mara kwa mara: alizungusha uzi kwenye gia, akafunga ncha yake kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ile ya muuza samaki, akaanza kuvuta taratibu. Nguvu inayohitajika kuizungusha gia ndiyo inayosema beringi zimebanwa kiasi gani. Kijana wake alikuwa ameshika ganda lisisogee. Mwenye gari akaingia.

"Kamwene, fundi. Tangu asubuhi unacheza na uzi?"

"Kamwene, bosi. Napima beringi. Ikiwa pungufu naongeza kidogo, ikizidi nimeharibu bushi."

"Mimi nimekuletea gari ufunge. Sijakuletea samaki upime."

Vijana wote wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka mbele ya anayemlipa. Akaweka mizani kwenye sanduku la spana, akachukua patasi na nyundo, akakaza nati kwa kuikisia. Jioni gari lilitoka.

Mwenye gari alidhani ameokoa saa mbili. Alichofanya ni kumfundisha yule kijana aliyeshika ganda kwamba kupima kunachekesha. Kijana yule atakuwa fundi kwa miaka 40 ijayo. Somo moja la namna hiyo, mbele ya wenzake, linazidi mwaka mzima darasani.

Na mtu huyo huyo akienda bucha hakubali kukatiwa nyama kwa macho. Anataka mizani, na akiona imepinda anapiga kelele. Serikali ina Wakala wa Vipimo unaokagua mizani za sokoni na pampu za vituo vya mafuta, na wote tunaona ni haki yetu. Tunataka kipimo cha kilo moja ya nyama itakayoliwa leo usiku. Kwa sanduku litakaloshikilia gari lenye watu kumi na wawili kwenye mteremko, tunaridhika na jicho.

Najua yatakayojibiwa.

Litakuja la kwanza: spea hakuna. Si kweli kwa kiasi kinachodaiwa. Beringi za transfa zina namba zilizochongwa pembeni, na muuza beringi anatafuta namba, hatafuti jina la gari. Sili zinauzwa kwa vipimo vya ndani, nje na unene. Tundu lililolika linaweza kukerezwa na kuvishwa bushi, na wakereza vyuma wapo mijini kwetu. Kinachokosekana ni mtu aliyepima tundu kabla ya kwenda dukani. Anayekwenda kununua sili kwa kusema "ya Land Rover" atauziwa iliyopo, si inayoingia.

Litakuja la pili: badilisha transfa nzima, agiza ya mtumba Dar es Salaam. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Transfa ya mtumba ilitolewa kwenye gari fulani kwa sababu fulani, na muuzaji hawezi kukwambia sababu hiyo. Nje imepigwa brashi na kupakwa rangi ya fedha. Ndani hujui. Ukiifunga bila kuifungua, umenunua tatizo la mtu mwingine na kulilipia nauli ya basi. Na hata ikiwa nzima, inafungwa kwenye shafti ya giaboksi yako. Meno ya shafti hiyo mara nyingi yameliwa, kwa sababu oili haikuwa ikiyafikia. Meno mazuri yakikaa juu ya meno yaliyoliwa, yote yanakuwa mabaya.

La tatu: achana na makuukuu, nunua gari la kisasa. Ushauri huu hutolewa na watu ambao safari yao ndefu ni kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa. Gari jipya la kazi linaloweza kupanda Hamsini na Saba mwezi Machi likiwa na mzigo lina bei ya nyumba. Lililotumika nalo lina kodi zake, na likizidi miaka 8 tangu kutengenezwa Tanzania inaliongezea ushuru wa uchakavu. Jirani zetu wamekaza zaidi: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imepiga marufuku kuingiza lenye miaka 15 na zaidi. Sizipingi sheria hizo hapa. Nasema tu kwamba mlango wa kuingiza magari ya zamani unazidi kuwa mwembamba, na haya tuliyonayo ndiyo yatakayobaki milimani. Ama tutajua kuyatengeneza, ama watu watatembea kwa miguu.

La nne ndilo zito: mafundi wenyewe ni waongo. Unamlipa apime, anakwambia amepima, kumbe hakupima. Wapo. Wapo wanaoonyesha boksi la beringi mpya na kurudisha ya zamani iliyooshwa. Wapo wanaofunua kazi ya mwenzao na kuitukana ili wapandishe bei. Wapo wanaokataa kusema "sijui transfa hii" kwa sababu wakisema hivyo mteja anavuka barabara. Kwa hayo wanastahili kulaumiwa. Lakini uongo huu una soko lake. Unastawi pale ambapo hakuna kinachoandikwa, na pale ambapo kazi nzuri na kazi mbaya zinalipwa sawa. Fundi mkweli anayetumia siku mbili analipwa sawa na mjanja aliyetumia saa nne, na mara nyingine anakatwa kwa kuchelewesha. Katika hali hiyo, ukweli unamtia fundi hasara. Wanaobaki wakweli ni watu wenye moyo wa pekee, na huwezi kujenga ufundi wa mikoa miwili kwa kutegemea moyo wa pekee.

Hata kuirudisha transfa mahali pake kunadai muda ambao hatutaki kuulipia. LT230 haiko mbali na uzito wa mfuko wa saruji. Inapandishwa kutokea chini, na meno ya shafti ya giaboksi lazima yaingie sawasawa kwenye gia yake, yakipita katikati ya sili mpya bila kuigusa vibaya. Njia sahihi ni jeki imara, bolti mbili ndefu zilizokatwa vichwa ziwe reli za kuiongoza, grisi kidogo kwenye mdomo wa sili, na kusukuma kwa subira. Njia yetu ni vijana wawili kuibeba kifuani, wa tatu kuitikisa, na pale inapogoma, bolti zinatumika kuivuta kwa nguvu mpaka ikutane. Inakutana. Sili imeshachanika kabla gari halijawashwa, na oili imeanza safari ya kuelekea mahali pasipo pake. Baada ya mwezi mteja atasema sili ilikuwa feki.

Gharama ya yote haya haiishii kwenye gari moja. Mafundi waliojifunza kazi kwenye Series III walipokuwa vijana sasa ni wazee. Wanachojua kimo vidoleni. Vitabu vya kiwanda viko kwa Kiingereza, vipimo vyake vingine ni vya elfu za inchi, na nakala nyingi zimelowa oili mpaka hazisomeki. Kijana anayeingia gereji kama saidia fundi anajifunza kwa kutazama, na anachotazama ni kile ambacho mteja amekubali kukilipia. Mteja akilipia nyundo, kijana anajifunza nyundo. VETA ina vyuo Mbeya na Iringa. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi katika mikoa yote miwili. Vyombo hivyo vina wajibu wa kuwaandikia mafundi vitabu vya vipimo kwa Kiswahili na kuwakodishia geji wasizoweza kununua. Lakini hata vikifanya hivyo kesho asubuhi, geji hizo zitakaa kwenye makasha kama mwenye gari ataendelea kucheka.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na kiko mikononi mwa anayelipa.

Kwanza, lipa kufungua na kupima kama kazi inayojitegemea, yenye bei yake, inayolipwa hata kama hutaendelea na matengenezo. Fundi akijua kwamba muda wa kupima una malipo, hana sababu ya kuuficha wala kuuruka. Siku hizi kufungua ni bure na kufunga ndiko kwenye fedha, ndiyo maana kila mtu ana haraka ya kufunga.

Pili, oili ya zamani imwagwe kwenye beseni safi ukiwapo, na ipitishwe sumaku. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho ni jino au beringi iliyovunjika. Hapo unajua kama unaongelea sili au unaongelea matengenezo makubwa, na hakuna anayeweza kukudanganya.

Tatu, dai karatasi. Daftari la shule linatosha: gia ya kati ilikuwa ikicheza kiasi gani, sasa inacheza kiasi gani, beringi namba ngapi zimewekwa, oili gani, kilomita ngapi kwenye dashibodi, tarehe. Fundi aandike na atie saini. Gari likienda kwa fundi mwingine, karatasi iende nalo. Fundi mzuri ataipenda, kwa sababu ndiyo itakayomtetea siku akitukanwa. Anayeikataa amekwambia jambo unalohitaji kulijua.

Nne, vitu vya zamani virudi kwako vyote kwenye boksi, hata washa moja.

Tano, gari likishatembea kilomita mia chache, lirudi. Oili ikaguliwe, bolti ziguswe, drami ya breki ya mkono ifunguliwe itazamwe kama ni kavu. Halafu lipandishe kwenye mteremko, liweke patupu, vuta breki ya mkono, achia ya mguu, ukiwa na kijana pembeni mwenye jiwe la kuzuia tairi. Kipimo hicho hakihitaji geji yoyote.

Atakayesema hayo ni ya matajiri apige hesabu yake mwenyewe. Ahesabu alizofungua transfa moja mara tatu katika mwaka, kila mara kwa bei ya "we funga tu". Ahesabu siku gari liliposimama wakati wa mavuno, viazi vikaoza stoo. Ahesabu gari la kukodi kulivuta kutoka Matamba. Nimewaona wenye magari wakiongea juu ya fedha hizo kama vile zilichukuliwa na mvua.

Kesho ukilipeleka gari gereji, usianze na "litakamilika lini". Anza na hili: "Fundi, kufungua na kupima ni shilingi ngapi?" Akikutajia, mlipe, halafu kaa kwenye benchi, agiza chai, umwache afanye kazi. Na vijana wakicheka akitoa uzi na mizani, wewe unayelipa ndiye wa kuwaambia wanyamaze na watazame.